Odeta na Sauti ya Mwalimu

Jumapili alasiri, watu wakishamaliza kula na kujinyoosha, kuna redio moja ya mjini Mwanza ambayo huachana na muziki ikasoma mashairi ya zamani ya mapenzi. Msomaji wake ni Odeta, mama wa makamo anayeuza katika duka la dawa Kirumba. Yeye mwenyewe ni mshairi. Ametoa kitabu kimoja chembamba, na nakala zake nyingi bado ziko chini ya kitanda chake, zimefungwa kwa kamba ileile zilizotoka nayo kiwanda cha uchapaji.

Wasikilizaji hawamfungulii redio kwa ajili ya kitabu hicho. Wanataka yale ya kale, yaliyotungwa na watu ambao hata makaburi yao hayajulikani, kuhusu wanawake wa kunukia na wanaume wasiolala. Odeta husoma shairi zima, halafu hurudi nyuma akalifungua taratibu, kama mtu anayekunjua kanga ya mama yake aliyefariki.

"Sikilizeni mtunzi huyu alivyo na haya," aliwahi kusema. "Hajautaja mwili hata mara moja. Ametaja mto, ametaja shuka, ametaja taa iliyopunguzwa utambi. Lakini mwili umejaa chumbani humo hadi mlango haufungiki."

Siku hiyo simu zililia mpaka Hellen, dada anayeendesha mitambo, akaogopa. Mzee mmoja alipiga kutoka Usagara akasema ameoa zamani sana lakini leo ndiyo amemtazama mkewe vizuri.

Kitu ambacho wasikilizaji hawakukijua, na ambacho Odeta alikificha kama mtu anavyoficha ugonjwa, ni kwamba ile sauti haikuwa yake.

Ilikuwa ya Mwalimu Venant. Alikuwa mtu wa Ukerewe, mrefu, mwenye koti moja la kahawia, aliyemfundisha Odeta Kiswahili sekondari, na baadaye, alipostaafu, akaanzisha kikundi cha watu wazima wapenda ushairi. Walikutana Jumamosi mchana katika darasa aliloazimwa na shule. Mwalimu hakuruhusu karatasi. Alisema shairi likipitia machoni linafika limechoka, kwa hiyo walijifunza kwa sikio tu. Yeye anasema mshororo, wao wanaurudia, mpaka uwakae kooni. Odeta alikuwa na sikio kali kuliko wote. Hakuchukua maneno peke yake. Alichukua pumzi za Mwalimu, namna alivyoshusha sauti kabla ya kina cha mwisho, na kile kikohozi kidogo alichokitanguliza kila alipoingia ubeti wa pili. Akachukua hata kosa lake. Kama wazee wengi wa visiwani, Mwalimu alichanganya l na r, na katika shairi alilolipenda kuliko yote, lile la mtu anayeuonea wivu mto wa kitandani kwa sababu kichwa cha mpenzi kinaulalia, hakusema "lala". Alisema "rara". Odeta ni Msukuma, na katika maongezi ya kawaida hana tatizo hilo. Lakini akilisoma shairi lile, ulimi unageuka wenyewe: "Rara, nami nikutazame."

Je, alimpenda Mwalimu? Alimpenda, kwa namna ya binti anayeketi mbele ya mtu mzima anayetamka maneno ya moto bila kupepesa macho. Mwalimu hakumgusa hata ukucha. Pengine hakujua. Odeta aliolewa na Mayala, mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, mtu mpole mwenye mabega mapana, wakazaa binti yao Kija, na maisha yakaendelea. Kisha Mwalimu akafariki kwa ugonjwa wa figo. Odeta alikwenda msibani, akaketi nyuma na wanawake wengine, akampa mjane mkono, akarudi nyumbani.

Baada ya mazishi ndipo sauti ilipozidi. Mwanzoni alifurahi, akaona ni njia ya kumuenzi. Lakini siku moja walikuwa wanarekodi kipindi mapema, na Hellen akasimamisha mashine.

"Dada Odeta, hebu sikia hapa."

Akarudisha nyuma. Odeta alijisikia akisoma ubeti wa kwanza, kisha kimya, kisha kikohozi kidogo kikavu cha kiume, halafu ubeti wa pili.

"Umekohoa hivyo saa ngapi?" Hellen aliuliza. "Mimi nilikuwa nakuangalia. Hukukohoa."

"Nimekohoa tu," Odeta alisema. "Vumbi."

Hellen alimtazama, akaiacha hivyo. Odeta alitoka nje akasimama juani. Tangu siku hiyo hakupenda kubaki peke yake na shairi lolote la zamani. Alipojaribu kutunga ya kwake, mistari ilimjia ikiwa tayari imevaa lile koti la kahawia. Aliichana.

Mjane ndiye aliyemtafuta. Alikuja dukani asubuhi akiwa ameshika pakiti tupu ya dawa ya presha, mwanamke mnene kiasi, mwenye kitambaa cheusi kichwani na macho yasiyo na haraka.

"Shikamoo mama," Odeta alisema.

"Marahaba mwanangu. Nipe hizi." Akasubiri dawa zifungwe, akalipa, akaziweka mkobani. Hapo ndipo aliposema, "Ni wewe unayesoma redioni."

"Ndiyo, mama."

"Mimi ni Dorotea. Mke wa Venant."

Odeta alitaka kusema pole, au kusema anamkumbuka kutoka msibani, lakini Dorotea alikuwa ameshaegemea kaunta.

"Jumapili ya juzi nilikuwa napepeta mchele. Nikasikia mume wangu anasema *rara*. Ungo uliniponyoka. Nikaingia chumbani kumtafuta, mwanangu, mimi mtu mzima, nikafungua hadi kabati." Akafunga mkoba. "Njoo nyumbani Ilemela. Uje unisomee."

Utamkatalia vipi mtu kama huyo? Odeta alikwenda. Nyumba ya marehemu iko juu ya kilima, imebanwa kati ya mawe makubwa kiasi kwamba jiwe moja ndilo ukuta wa jikoni. Pimbi wanaota jua juu ya bati. Chini kabisa ziwa linaonekana, na ndege zinazotua zinapita karibu hadi vikombe vinagongana kabatini. Dorotea alimkaribisha sebuleni, akamletea chai na magimbi ya kuchemsha, akakaa mbele yake. Kabla ya shairi alitaka jambo moja kwanza.

"Ulilala na mume wangu?"

Odeta nusura amwage chai. "Hapana, mama. Mungu ananiona."

"Ulitamani?"

Nje pimbi mmoja alipiga kelele. Odeta aliweka kikombe chini.

"Nilitamani awe anasema na mimi," alijibu. "Alivyokuwa akisema mashairi yale, nilitamani niwe mimi anayeambiwa."

Dorotea aliitikia kwa kichwa bila hasira, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia. "Basi tuko wawili. Miaka yote niliyokaa na mtu yule hakuniambia hata neno moja la namna hiyo. Alikuwa mume mwema, usinielewe vibaya. Alinijengea, hakunipiga, hakulewa. Lakini nyumbani alizungumza habari za bati, za ada, za mbuzi aliyekata kamba. Nilidhani ndivyo alivyoumbwa. Sikujua kama alikuwa na maneno haya ndani mpaka alipokufa, nikayasikia kwa mdomo wako." Akakunja kanga yake mapajani. "Haya. Soma lile la mto."

Odeta alisoma, na sauti ikaja mara moja, nzito na karibu sana, kama mtu aliyekuwa akisubiri mlangoni. Dorotea alifumba macho. Ilipofika "rara", mdomo wake ulicheza, lakini hakulia.

Basi ikawa desturi. Kila wiki Odeta akitoka kazini anapanda Ilemela, anakunywa chai, anasoma. Alijiambia anafanya hisani. Lakini kila aliposhuka kile kilima alijisikia mwepesi vibaya, kama gunia lililomwagwa. Nyumbani akawa haongei. Mayala akimuuliza habari za kazi anajibu kwa neno moja. Akimshika bega anashtuka. Na jambo lililomsumbua zaidi ni kwamba Dorotea naye alibadilika. Alianza kuvaa vizuri siku za kusomewa. Akaacha kile kitambaa cheusi. Kisha akaanza kujibu.

Alijibu kwa Kikerewe. Odeta anamaliza ubeti, na yule mama, macho yamefumbwa, anasema sentensi nzima polepole, sauti yake imekuwa changa. Odeta hakijui Kikerewe. Alikuwa anangoja amalize, anaendelea na ubeti unaofuata, na Dorotea anajibu tena. Waliongea hivyo, mke na mume, na Odeta akiwa katikati yao kama dirisha.

Siku ya mwisho ilikuwa ya mawingu, mvua inatishia kutoka upande wa ziwa. Odeta alikuwa amesoma shairi la mto hadi mwisho. Dorotea alisema jambo fupi kwa Kikerewe. Sauti yake ilipanda mwishoni, kama swali. Halafu akainua uso na kusubiri.

Odeta hakuwa na ubeti mwingine wa kusoma. Shairi lilikuwa limekwisha. Lakini alihisi kooni kitu kinapanda. Kikohozi kidogo kikavu kilimtoka, na nyuma ya kikohozi yakaja maneno yaliyojipanga ulimini, ya lugha asiyoijua, tayari kutoka. Alijua kwamba akifungua mdomo yatatoka, na kwamba yatakuwa sahihi.

Alijifunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Akainuka, akagonga meza, akatoka mbio bila kuaga, akashuka kati ya mawe huku mvua ikianza kumpiga, na hakutoa mikono mdomoni mpaka alipofika barabara ya lami.

Kesho yake hakwenda kazini. Alikwenda Mwaloni. Mayala alikuwa kwenye vichanja vyake vya dagaa pamoja na wanawake wanaofungasha, korongo wakubwa wamesimama pembeni kama mahakimu. Alishangaa kumwona. Mkewe hakuwa mtu wa kuja sokoni. Alisema harufu inamkaa kichwani.

"Mama Kija, kuna nini? Mtoto?"

"Mtoto mzima. Nimekuja kukaa na wewe."

Akampisha kwenye kiroba. Walikaa wakitazama watu wanavyopakua. Baada ya muda Mayala akasema, bila kumtazama, "Mimi siku hizi naogopa kukuomba unisomee. Zamani ulikuwa unanisomea. Nikawa naona kama kuna mzee wa watu kaketi katikati yetu. Mtu unamwonea haya mkeo mbele ya mgeni."

Odeta alikuwa amedhani jambo hili liko kinywani mwake tu. Akilini alimwona Dorotea akipepeta mchele miaka na miaka, na upande wa pili wa mji mwanaume mwenye koti akimwaga moto mbele ya wanafunzi, kisha anarudi nyumbani kuulizia mbuzi. Na akajiona yeye, Jumapili baada ya Jumapili, akiwafundisha wake na waume wa Mwanza nzima namna ya kutamaniana, kisha anarudi kwa mtu huyu na kumjibu kwa neno moja.

Alitafuta la kusema. Kichwani mlikuwa na mamia ya mishororo, yote mizuri, na hakuna hata mmoja uliokuwa wake. Akaisukuma kando yote. Kilichobaki kilikuwa kidogo na hakikuwa na vina.

"Mayala," alisema. "Mabega yako. Nikiwa dukani huwa nayafikiria."

Mayala aliyatazama mabega yake yenye magamba ya dagaa, kushoto halafu kulia, kama mtu aliyeambiwa amechafuka. "Haya?"

"Hayo."

Mwanamke mmoja aliyekuwa anafungasha akaangua kicheko, na Mayala naye akacheka, akainamisha kichwa, masikio yamemwiva. Odeta hakucheka. Alikuwa anasikiliza sauti yake. Ilikuwa nyembamba, ya kukwaruza kidogo, na alikuwa ameisahau.

Ilimchukua siku kadhaa kujikaza arudi Ilemela. Alimkuta Dorotea amefungua milango yote, anafungasha vyombo katika maboksi. Waliamkiana. Hakuna aliyetaja namna walivyoachana.

"Nimekuja kuomba radhi, mama," Odeta alisema. "Na kusema kwamba siwezi tena. Nikitaka kuendelea kuwa mtu, siwezi."

"Najua. Nilikuona ulivyokimbia." Dorotea alifunga sahani kwa gazeti. "Mimi pia narudi Ukerewe kwa kaka yangu. Nyumba hii itapata mpangaji."

Odeta alimsaidia kufunga. Ndege moja ikapita, vikombe vilivyobaki vikagongana. Mwishowe hakuweza kujizuia.

"Mama, siku ile. Ulisema nini?"

Dorotea alimaliza sahani aliyoishika, akaipanga na zingine.

"Nilimuuliza maneno yale alikuwa anamwambia nani."

"Na..." Odeta alishindwa kumalizia.

"Na wewe ukajifunika mdomo," Dorotea alisema.

Hakulisema kwa lawama. Ndiyo maana limemkaa Odeta moyoni hadi leo. Siku ya safari alimsindikiza bandarini, akambebea kuku wake wawili kwenye kikapu, na kabla ya kupanda yule mama alimshika shavu kwa kiganja kikavu, akakitazama kinywa chake kwa muda, kama mtu anayeangalia nyumba aliyokuwa akiishi. Kisha akaingia kwenye boti bila kugeuka.

Sauti haikurudi. Odeta alikuwa ametamani imwachie, na hakuna aliyekuwa amemwonya kwamba atakapoachiwa ataikosa. Alipofungua mashairi ya kale yalikuwa maneno tu. Alijikwaa katika mizani aliyoijua tangu usichana. Jumapili ya kwanza hewani alisoma kama mwanafunzi anayesoma tangazo la shule, na wasikilizaji hawakumstahi. Mmoja alipiga akauliza yule dada wa zamani yuko wapi. Hellen, ambaye hana unafiki, alimwambia, "Umepoa. Sijui umeokoka? Urudi kama mwanzo, watu wanalalamika."

"Hakuna mwanzo wa kurudi," Odeta alimjibu. "Nivumilie kidogo."

Ikabidi ajifunze upya, mshororo kwa mshororo, na safari hii kwa macho, kitu ambacho Mwalimu asingekubali. Alisoma akiwa nyuma ya kaunta pakiwa hakuna wateja. Alisoma akingoja maji yachemke. Siku nyingine alikata tamaa akatunga yake, na moja hakulichana:

Maji yapigapo mwamba, mwamba haujibu neno,
Wewe uliponiomba, nilibana yangu meno.

Alimsomea Mayala ubeti wote. Mayala akauliza ni nani aliyeomba. Odeta akasema hajui bado.

Shairi la mto aliliogopa kuliko yote, akaliacha miezi. Alipolirudia hewani ilikuwa Jumapili ya jua kali, madirisha ya redio yamefunguliwa, kelele za mpira zinasikika kutoka uwanjani. Alilisoma polepole kwa sauti yake nyembamba. Akafika katikati, pale msemaji anapouambia mto ujue bahati yake, na hapo akasimama. Hellen aliinua macho kwenye mitambo. Redioni kimya kidogo ni kirefu sana.

"Nisameheni," Odeta alisema kwenye kipaza sauti. "Nimeona kitu. Shairi hili nimelijua tangu niko msichana, na siku zote nilimsikia mwanamume akisema. Nilifundishwa na mwanamume, nikalibeba hivyo. Lakini nalitazama hapa, mstari kwa mstari. Mtunzi amesema *yeye*. Amesema *mpenzi*. Amesema *kichwa kilichonichosha*. Lugha yetu haisemi yeye ni mume au mke. Hakuna neno hata moja humu linalotuambia kwamba anayetamani ni mwanamume."

Hellen alikuwa ameacha kugusa vitufe.

"Sasa hebu tumweke mwanamke," Odeta aliendelea. "Amekaa kando ya kitanda. Mume wake amerudi kutoka kazini amechoka, amelala, hana habari. Huyu mwanamke hana mtu wa kumwambia anachokisikia mwilini, hata huyo mume hawezi kumwambia, kwa hiyo anauambia mto. Tulisome tena kutoka mwanzo tukiwa tumemweka huyo."

Akalirudia. Mahali palipokuwa na majivuno pakawa na njaa. Mahali ambapo Mwalimu alishusha sauti, yeye alilazimika kuipandisha, kwa sababu mtu wa namna ile, akishapata nafasi ya kusema, hawezi kushusha. Alipofika kwenye "lala" aliitamka kama anavyoitamka siku zote nyumbani. Na hapo, kwa sababu asizozijua vizuri, machozi yalimtoka, akasoma beti zilizobaki akiwa analia, bila kujipangusa, mpaka mwisho.

Simu zilianza kuwaka. Hellen alizitazama, akamtazama Odeta, akapunguza mwanga wa taa za simu ili Odeta asizione.

"Hata tukipokea watasema nini?" alimwambia. "Kaa kwanza."